Kengele ya kamba hulia Ulaya, Nyamisati haisikiki

Maji yakianza kutoka, gati la Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji wilayani Kibiti, halina pa kuweka mguu. Abiria wa Mafia wanagombea boti, wabeba mizigo wanaomba njia kwa makelele, na pembeni madeli ya kamba yamepangwa yakisubiri gari la Dar es Salaam.

Mchuuzi mzoefu hanunui kwa kutazama deli juu juu. Hufunua kifuniko, huzamisha mkono kwenye barafu mpaka kiwiko, akaibuka na kamba wa chini kabisa. Humgeuza tumbo, humbinya pale kichwa kinapokutana na mwili, kisha hukitazama kichwa chenyewe. Kikishaanza weusi, bei imeanguka na hakuna mjadala.

Weusi ule si lazima uwe uozo. Kamba ana vimeng'enya ambavyo huendelea na kazi baada ya yeye kufa, na rangi hubadilika kama ya ndizi iliyomenywa ikaachwa sahanini. Barafu huuchelewesha weusi huo. Dawa ya salfaiti, unga mweupe unaoyeyushwa kwenye maji kisha kamba wakachovywa humo, huuzuia kwa siku kadhaa.

Dawa hiyo inaruhusiwa duniani, ila kwa kipimo, kwa sababu ikizidi inaweza kumbana pumzi mtu mwenye pumu. Umoja wa Ulaya unataka isizidi miligramu 150 katika kila kilo ya kamba wakubwa wa jamii hii. Kwa kamba mbichi, viwango vya kimataifa vya Codex vimewekwa chini zaidi, miligramu 100.

Kontena likifika bandari ya Ulaya na kipimo kimezidi, mzigo huzuiwa, na nchi zote za umoja huo hupata taarifa kwa mtandao mmoja: jina la bidhaa, nchi ilikotoka, kosa lililoonekana. Kamba wa maji hayo hayo, aliyevuliwa usiku huo huo, akiishia soko la Feri jijini Dar es Salaam au kwenye kikaango cha mama lishe pale stendi ya Kibiti, mlaji wake hana cha kumlinda zaidi ya pua na macho.

> Kamba anayesafiri nje ana cheti, namba na kipimo. Anayebaki nyumbani ana barafu tu, tena ikiwa ipo.

Mtandao wa tahadhari

Ulaya ilianza mfumo wake wa tahadhari za haraka za chakula, unaojulikana kwa kifupi RASFF, mwaka 1979. Mwaka 2002 uliwekewa msingi mpya wa sheria baada ya misukosuko mikubwa, ukiwamo ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) yakaanzisha INFOSAN, mtandao unaoziunganisha mamlaka za chakula za nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2023 pekee, mfumo wa Ulaya ulirusha taarifa zaidi ya 4,600.

Ukizisoma taarifa hizo kwa mfululizo, huoni tena ajali moja moja. Unaanza kuona mazoea. Karanga na pistachio hukamatwa kwa sumukuvu. Ufuta, viungo na nyama ya kuku hukamatwa kwa bakteria wa salmonela. Samaki wa kuokwa kwa moshi huandamwa na listeria, samaki panga huandamwa na zebaki, na kamba wa kufugwa kwenye mabwawa huandamwa na mabaki ya dawa za antibaiotiki.

Kuna zoea jingine lisilozungumzwa sana. Nchi ikishatajwa mara kadhaa, mizigo yake huanza kupimwa mara nyingi zaidi, na anayepimwa sana hukutwa na makosa mengi. Ufuta wa jirani zetu Uganda, na ule wa Sudan na Ethiopia, umewahi kuwekwa katika orodha ya Ulaya ya mizigo inayoongezewa ukaguzi kwa sababu ya salmonela. Kutoka katika orodha hiyo ni kazi ya miaka.

Na mtandao huu unapofanya kazi sawasawa, hufanya kazi kweli. Aprili 2022 chokoleti za Kinder zilizotengenezwa katika kiwanda cha Arlon, Ubelgiji, zilihusishwa na wagonjwa zaidi ya 150, wengi wao watoto. Chokoleti hizo zilikuwa zimeshasambazwa katika nchi zisizopungua 113. INFOSAN ilirusha tahadhari, maduka yakazitoa kwenye rafu, na wazazi wakaambiwa waangalie namba iliyopigwa chapa nyuma ya pakiti.

Namba ile ndiyo iliyofanya yote yawezekane. Pakiti isiyo na namba hairudishwi dukani, maana hakuna ajuaye ilitoka zamu gani ya kiwanda. Deli la Nyamisati halina namba.

Kipindupindu kilichofunga soko

Wazee wa biashara ya samaki wanaikumbuka Desemba 1997. Mvua za El Niño zilikuwa zimeharibu barabara na kufurisha vyoo, kipindupindu kikasambaa Afrika Mashariki. Siku mbili kabla ya Krismasi, Tume ya Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, na wa kugandishwa wakatakiwa kupimwa kwanza.

Uamuzi huo haukuchagua ziwa wala bahari. Sangara wa Mwanza na mazao ya pwani vilibeba jina la nchi moja, na nchi ndiyo iliyofungiwa.

FAO na WHO hazikukubaliana na hatua hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba kipindupindu huenezwa zaidi na maji na uchafu wa pale wagonjwa walipo, na kwamba samaki waliosindikwa vizuri na kupikwa hawajaonekana kuwa njia kubwa ya kukivusha kwenda nchi nyingine. Zuio liliondolewa katikati ya 1998.

Kabla watu hawajatulia, likaja la pili. Machi 1999 Uganda ilisimamisha yenyewe uuzaji wa samaki nje baada ya kubainika kwamba wapo wavuvi wanaomwaga viuatilifu ziwani. Aprili mwaka huo Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka nchi zote tatu. Tanzania ilifunguliwa mapema 2000, Uganda ikafuata katikati ya mwaka, na Kenya ikawa ya mwisho.

Sikubaliani na wanaodai kwamba lile zuio la pili lilikuwa uonevu mtupu. Sumu ilikuwapo, na waliokuwa wakiila mwanzo ni watu wa mwambao wa ziwa wenyewe. Lakini angalia mpangilio wake: watu wa ziwani walikuwa wakilalamikia uvuvi wa sumu tangu zamani, na mambo hayakusogea mpaka mteja wa mbali alipofunga pochi. Baada ya hapo ukaguzi ukaimarishwa, vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, vikaenezwa kwenye mialo na baadaye pwani, na Nyegezi jijini Mwanza ikawa na maabara ya taifa ya ubora wa samaki.

> Watu wa ziwani walilalamikia sumu tangu zamani. Mambo hayakusogea mpaka mteja wa mbali alipofunga pochi.

Mabwawa ambayo hayakuchimbwa

Delta ya Rufiji nayo ingeweza kuwa na sura nyingine kabisa katika taarifa hizo. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kamba kwenye eneo la karibu hekta 10,000 katika delta, ingawa Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri vinginevyo. Wakazi waliokuwa wakilima mpunga na kuvua humo walikwenda mahakamani, wakisaidiwa na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira. Mradi haukufika popote.

Mjadala wa wakati ule ulikuwa juu ya mikoko, ardhi na fidia. Usalama wa mlaji haukutajwa sana. Ila miaka michache baadaye, kamba wa mabwawa ya Asia walikutwa na mabaki ya kloramfenikoli, antibaiotiki isiyoruhusiwa kabisa kwa wanyama wa kuliwa. Januari 2002 Ulaya ilisimamisha mazao mengi ya wanyama kutoka China kwa sababu hiyo. Ndipo tofauti ya kamba wa mwitu ilipoanza kuonekana wazi.

Kamba wa Rufiji hukulia kwenye vijito vya mikoko iliyotanda hekta zaidi ya 50,000, kisha akitimia umri hutoka kwenda baharini. Hakuna anayemlisha wala kumtibu. Matatizo yake huanza saa anapotolewa majini: maji ya kumwoshea, barafu ya kumlaza, mikono inayomchambua, na saa ngapi zitapita kabla hajafika kiwandani.

Hilo la barafu ndilo kubwa. Kutoka vijiji vya ndani kama Salale, Mfisini au Kiomboni, barabara ni mto, na safari inategemea maji kujaa na kupwa. Deli lililojazwa barafu asubuhi, likikwama kwenye tope kwa sababu maji yametoka mapema, ni deli la maji ya uvuguvugu ifikapo alasiri. Wengine huamua kutopambana na jua: huwachemsha kamba kwa chumvi, huwaanika, na huwauza wakavu. Njia hiyo ya zamani ina busara yake, ingawa nayo inataka chanja. Kamba aliyeanikwa chini atamsagia mlaji mchanga kwenye meno.

Mazao matatu, orodha moja

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo.

Katika nchi tajiri, sababu inayoongoza ya kurudisha vyakula madukani mara nyingi huwa mzio usiotajwa. Chakula chenyewe ni salama kwa walio wengi, kosa ni kwamba lebo haikusema kuna nini ndani. Ulaya ina orodha ya vitu 14 ambavyo ni lazima vitajwe. Imo jamii ya kamba na kaa. Zimo njugu za mitini, na korosho imetajwa kwa jina. Umo ufuta.

Yaani kamba, korosho na ufuta, vitu vitatu vinavyoingiza fedha Kibiti, vyote vimo katika orodha hiyo.

Uingereza iliitikisa sheria yake baada ya msichana Natasha Ednan-Laperouse kufariki mwaka 2016 kwa kula mkate uliokuwa na ufuta ambao lebo haikuutaja. Tangu Oktoba 2021, chakula kinachofungashwa pale pale dukani lazima kiandikwe viambato vyote. Watu wanaiita Sheria ya Natasha. Marekani nayo iliuingiza ufuta katika mizio mikubwa kuanzia Januari 2023.

Kwa mkulima wa ufuta wa Kibiti hili si jambo la mbali kama linavyosikika. Mnunuzi wa nje hatauliza tu kama ufuta ni safi. Atauliza gunia lilibeba nini kabla ya ufuta. Gunia lililotumika jana kwa karanga au korosho, leo likajazwa ufuta, kwetu ni uangalifu wa mali. Kwake yeye ni mzigo wa kurudishwa.

Halafu kuna kisa cha Septemba 2020, pale Ubelgiji ilipogundua ufuta wa India uliopuliziwa ethilini oksaidi, gesi inayotumika kuua salmonela lakini yenyewe ikihusishwa na saratani na kupigwa marufuku Ulaya kwa chakula. Mikate, biskuti na maelfu ya bidhaa nyingine ziliondolewa madukani. Wauzaji wale walikimbia taarifa moja wakaangukia nyingine. Kila nikisikia mtu akishauri kwamba dawa ya salmonela ni kupulizia dawa, hukumbuka kisa hicho.

Nyumbani nani anaonywa?

WHO ilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 600 duniani waugue kila mwaka na kuua 420,000. Kwa idadi ya watu wake, Afrika ndiyo inayobeba mzigo mzito zaidi: vifo kama 137,000 kila mwaka. Linganisha hilo na mahali taarifa zinakotoka. Kengele nyingi hulia Ulaya, misiba mingi huwa Afrika.

Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 wakafariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Hayakuwa mahindi ya pakiti, na wengi walikula waliyolima wenyewe. Hapakuwa na duka la kuambiwa litoe mzigo kwenye rafu. Kilichoonekana kwanza ni watu wenye macho ya manjano na matumbo yaliyojaa maji, wakaguzi wakaja baadaye.

Mfumo wa nchi kwa nchi nao uligonga karibu yetu. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku tano baadaye ikafungua kwa masharti ya vyeti. Mkulima aliyekuwa na fuso limekwama Namanga alijifunza kiwango cha sumukuvu kwa njia ngumu kuliko zote.

Baharini, mfano ulio karibu zaidi na delta ni kasa. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024 yakarudi huko huko Pemba, Kisiwa Panza: watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki, na 78 wakalazwa. Sumu hiyo haionekani, haina harufu, haitoki kwa kuchemshwa, na hospitali hazina dawa ya kuiondoa zaidi ya kumhudumia mgonjwa. Kasa hao hao huzunguka maji ya Mafia na Rufiji. Kuwavua ni kosa kisheria, lakini katazo hilo watu wengi wamelisikia kama habari ya uhifadhi wa viumbe. Ingekuwa vema lingefika kwanza kama habari ya sahani, hasa kwa akina mama.

Na ipo hatari inayoanzia shambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kwa wakulima wa mpunga wa Rufiji na Zanzibar ulionyesha wengi wakitumia viuatilifu bila vifaa vya kinga na bila maelezo ya kutosha. Mashamba ya delta yanapakana na vijito wanamokulia kamba. Kinachomwagwa kwenye mpunga, mafuriko yakija kama yale ya Aprili 2024 yaliyoifunika sehemu kubwa ya Rufiji na Kibiti, hakitajua mpaka wa shamba ni upi.

Wanaovutana

Wenye viwanda vya kusindika wana hoja yao: ukaguzi ni ghali, maabara ni ghali, na mzigo mmoja ukirudishwa hasara yake inakula faida ya msimu. Wangependa masharti yasizidi.

Serikali nayo inatazama jina la nchi. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula kwa jumla uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, huku mazao ya uvuvi ya kwenda nje yakithibitishwa na wizara inayohusika na uvuvi. Mkaguzi akisaini cheti kwa uzembe, hamfungii mwenye kiwanda mmoja tu. 1997 ilionyesha hivyo.

Mvuvi yuko mwisho wa mnyororo, na hapo ndipo pananiudhi. Bei ikishuka kwa sababu ya taarifa iliyorushwa Ulaya, tajiri wa deli humwambia soko limekuwa baya. Hamwambii ni kosa gani lililoonekana, wala kama ni lake au la kiwanda. Hasara inashuka mpaka mtumbwini lakini maelezo yanaishia Dar es Salaam. Mtu asiyejua kosa hawezi kuliacha, na salfaiti ya mwezi ujao itapimwa kwa kiganja kama ya mwezi uliopita.

> Hasara inashuka mpaka mtumbwini. Maelezo yanaishia Dar es Salaam.

Gunia lina jina

Kinachoshangaza ni kwamba Kibiti tayari ina mfumo wa kufuatilia mali, ila uko nchi kavu. Ufuta na korosho hupita kwenye vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na kuuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha mkoa, CORECU, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupewa risiti, gunia hupimwa, daraja huandikwa, ghala linajulikana. Wakulima wana malalamiko yao juu ya utaratibu huo, hasa kuchelewa kwa malipo, na mengi yana haki. Lakini gunia likikutwa na tatizo, unaweza kurudi nyuma mpaka kwenye chama kilicholipokea.

Kamba wa Mfisini na wa Salale, kwa upande wao, huchanganywa deli moja kabla hata hawajafika gatini. Kiwanda kinaweza kuonyesha namba ya siku ya usindikaji. Zaidi ya hapo ni kumbukumbu ya wakala.

Kazi ya kuanzia haihitaji maabara. BMU za delta zipo na zina watu wanaojua kuandika. Jina la kijiji, tarehe, saa ya kuvuliwa, na kama dawa imetumika au la: mistari minne kwenye kibao kinachofungwa kwenye deli, nakala ikibaki kwenye daftari la kikundi. Gharama yake ni daftari na kalamu ya wino usiofutika, na posho ya mtu wa kukaa pale maji yanapoingia usiku wa manane. Posho hiyo ndiyo itakayoleta ubishi. Halmashauri inakusanya ushuru kwa kila mzigo unaopita gatini, na kwa maoni yangu sehemu ya ushuru huo ingetosha kuanzia, hata kwa gati la Nyamisati peke yake, kabla ya vijiji vya ndani.